Shangazi, mgonjwa wa miaka mitano alining'ata, sasa kazini wanataka nikasomee tabia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni daktari wa meno. Kazi hii naipenda, na watoto ndio walionifanya niipende. Nakuandikia kwa sababu usingizi umenikimbia, na watu wangu wa karibu nimeshawachosha na hadithi hii hii kila siku.

Mwanzoni mwa mwaka aliletwa mtoto wa miaka mitano, shavu limevimba, gego la chini limeoza hadi kwenye mzizi. Mama yake alikuwa na haraka, benchi la nje limejaa, na msaidizi wangu alikuwa ameitwa chumba cha pili. Nikamchoma ganzi, nikasubiri kidogo, nikaanza kung'oa. Akapiga ukelele, akafunga mdomo, na kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa katikati ya meno. Hakuachia. Aliyeyaita meno ya maziwa hajawahi kung'atwa nayo.

Niliosha, nikafunga bandeji, nikaendelea na foleni. Usiku kidole kikaanza kupwita. Kesho yake kilikuwa kimevimba chote, hakikunji wala hakinyooki, na ukikigusa nalia. Nikaingizwa chumba cha upasuaji, wakakifungua na kusafisha usaha uliokuwa umeingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kamba inayokunja kidole. Tangu hapo ni mazoezi tiba tu. Sasa daktari wangu amesema naweza kurudi kazini, ingawa kiungo cha juu hakijakunja hadi mwisho na ncha bado ina ganziganzi.

Nilidhani nitapokewa. Badala yake nimepewa barua: kabla sijarejea, niwe nimemaliza mafunzo ya kumudu tabia za wagonjwa, tena kwa gharama zangu. Shangazi, nilijisikia kama nimepigwa kofi. Yaani mimi ndiye mwenye kosa? Wenzangu nao kila mtu ana lake. Mmoja ananiuliza kwa kicheko, "Kumbe hujui watoto?" Mwingine anasema angekuwa yeye angemfunga yule mtoto kitini tangu mwanzo.

Lingine sijamwambia mtu. Juzi nilipita kazini kuchukua vitu vyangu, nikasikia mtoto analia koridoni, mkono ukaanza kutetemeka. Nikaondoka bila kuaga. Mume wangu anasema niachane na watoto, nibaki na watu wazima. Je, niyakatae hayo mafunzo? Na nitarudije kwenye kile kiti?

Daktari Mwoga

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hilo jina ulilosaini nalo tuliache huko huko chini ya barua. Kabla sijahamia kwenye safu hii nilikaa kando ya kiti cha meno miaka mingi, kwa hiyo nitasema na wewe kama Shangazi na kama mtu wa kazi hiyo.

Jibu fupi: mafunzo nenda. Pesa usitoe. Na usikubali kwenda peke yako kana kwamba ugonjwa uko kwako tu.

Nieleze kwa nini. Isome tena barua yako, hasa pale unapomwelezea huyo mtoto, uisome kama ripoti ya mgonjwa wa mtu mwingine. Shavu limevimba, jino lina usaha. Wewe unajua kuliko mimi kwamba penye uvimbe na usaha tishu huwa na asidi, na kwenye asidi dawa ya ganzi hupenya kwa shida kwenye neva. Unaweza kuchoma mahali sahihi kabisa, kipimo sahihi, na jino likabaki linasikia kila kitu. Ongeza foleni, ongeza mama mwenye haraka, ondoa msaidizi. Mtoto wa miaka mitano hana maneno ya kusema "Daktari, ganzi haijashika." Ana meno. Alisema kwa hayo.

Sikulaumu, na wala simlaumu yeye. Ninachosema ni kwamba kilichoitwa "tabia ya mgonjwa" kwenye barua ya mwajiri wako kilikuwa maumivu kwanza, mpangilio mbovu wa kazi pili, na tabia labda tatu. Mafunzo ya maana yanafundisha hivyo hivyo. Ukikuta mwalimu anaanza na jinsi ya kumtuliza mtoto kabla hajagusa jinsi ya kumwondolea maumivu, kunja daftari lako.

Sasa, hayo mafunzo yana nini? Watu wengi wanadhani ni kufundishwa kubembeleza. Kubembeleza kila mtu anajua, na mara nyingi hakusaidii. Msingi wake ni njia iliyoelezwa na daktari wa meno Addelston mwaka 1959: eleza, onyesha, fanya. Unamweleza mtoto kwa lugha yake kitu kitakachotokea. Unamwonyesha, kwa mfano unazungusha brashi kwenye ukucha wake asikie inavyotekenya. Kisha unafanya kile kile ulichosema, bila kuongeza hata kimoja. Hapo pa mwisho ndipo wengi wanapoharibu. Wameeleza vizuri, wameonyesha vizuri, halafu mkono wa pili unachomoza na kitu ambacho hakikutajwa. Mtoto akishakukamata unamdanganya mara moja, maelezo yako yote yaliyobaki ni kelele.

Mwaka 1962 Frankl na wenzake wakatoa kipimo cha ngazi 4 cha tabia ya mtoto kwenye kiti, kuanzia anayekataa kabisa hadi anayefurahia. Kinaonekana kitoto, lakini thamani yake iko kwenye faili. Ukiandika ngazi ya leo, atakayempokea mtoto huyo mwezi ujao anajua amtengee muda gani, na kama msaidizi anaruhusiwa kuitwa chumba kingine au la. Kwa mtoto wako nadhani hakuna aliyeandika chochote.

Kuna alama ya kusimamisha: mtoto akiinua mkono, wewe unaacha. Mjaribu kabla hujaanza, ainue, uache, aone kwamba inafanya kazi. Wapo madaktari wanaoogopa kwamba mtoto atainua mkono kila dakika. Huinua mara mbili tatu kuhakikisha husemi uongo, halafu hutulia. Kuna kubadili sauti, ambako si kufoka. Ni kushusha au kupandisha sauti ghafla ili akuangalie. Kuna kumsifia kwa jambo mahususi, "umefungua mdomo vizuri sana", wala si "mtoto mzuri" ya jumla ambayo haimwambii arudie nini. Na kuna mzazi. Mzazi anayesema "haitauma, haitauma" tayari ameshamfundisha mtoto neno moja tu, nalo ni kuuma. Mpe kazi: ashike mkono, anyamaze, aache sauti moja iongoze chumba.

Huyo mwenzako anayetaka kamba, mwambie amechelewa. Zamani ilikuwepo hata mbinu ya kumziba mtoto mdomo kwa kiganja mpaka atii, na chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani kiliiondoa kwenye mwongozo wake mwaka 2006. Kumshika mtoto kwa nguvu kumebaki kuwa jambo la dharura, kwa ridhaa ya mzazi, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na kamwe si adhabu wala njia ya kuokoa muda wa daktari. Mtoto aliyefungwa leo ni mtu mzima atakayekuja kwako na meno yameisha, akikwambia "mimi na madaktari wa meno hatupatani tangu utotoni."

Lingine ambalo mafunzo mazuri hayaachi ni kujiuliza kama matibabu yale ni ya lazima kwa namna ile. Lako lilikuwa jino la usaha, hilo halikwepeki. Lakini meno mengi ya watoto yaliyotoboka bila maumivu hayahitaji mashine wala sindano. Kuna kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba, njia iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa inafundishwa duniani kote. Kuna mtindo wa Hall uliotoka Scotland, wa kulivisha gego kofia ya chuma bila kuchonga. Kuna dawa yenye madini ya fedha na floridi inayopakwa na kusimamisha uozo, ingawa huacha weusi na mzazi lazima aambiwe mapema. Mtoto anayeanza na hayo hupanda ngazi za Frankl mwenyewe.

Na sasa vidole, maana hapa sitaki upite haraka. Kidole kinachosukuma shavu kikae upande wa nje, kati ya shavu na ufizi, kisipumzike juu ya meno. Mpira wa kuzuia meno yasifungane uwekwe upande wa pili kabla chombo hakijaingia, umefungwa uzi unaobaki nje ya mdomo ili usimezwe. Mpake jeli ya ganzi kwenye ufizi uliokaushwa, subiri dakika moja au mbili kwa saa, usikadirie. Sindano iende polepole, huku ukitikisa mdomo wake wa chini kwa vidole ili akili yake iwe kwingine. Halafu pima. Bonyeza ufizi kuzunguka jino kwa ncha ya kifaa huku ukitazama macho yake, maana mtoto atasema "siumii" kwa kukuogopa, ila kope zitamsaliti. Kama hajalala ganzi, hakuna kuanza. Unaongeza bila kuzidisha kipimo cha uzito wake, unabadili njia ya kuchoma, au unatoa usaha, unampa dawa na kumrudisha siku nyingine. Benchi la nje lingoje.

Kwa wengine wanaosoma hapa: kung'atwa na binadamu si jambo la kufunga bandeji na kuendelea na foleni. Mdomo una bakteria wa kila aina, na tundu dogo juu ya kiungo au kano linaweza kuwapeleka ndani kabisa. Osha kwa maji mengi, onwa na daktari siku hiyo hiyo, na mara nyingi utaanzishiwa antibiotiki kabla ya uvimbe. Kama kulikuwa na damu, suala la homa ya ini aina ya B na VVU liamuliwe mapema; dawa kinga za VVU zikihitajika huanza ndani ya saa 72, haraka iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Na andika ripoti ya ajali. Daktari wetu hajataja ripoti popote kwenye barua yake, na hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu fidia ya kuumia kazini huanzia kwenye karatasi hiyo.

Turudi kwako, mwanangu, kwenye huo mkono unaotetemeka.

Unajua tunavyomtibu mtoto anayeogopa. Hatumwingizi siku ya kwanza kwenye kung'olewa. Anakuja akae kitini, apandishwe na kushushwa, ahesabiwe meno, aende nyumbani. Siku nyingine anasafishwa. Baadaye anazibwa. Kila hatua inabaki mpaka woga ushuke wenyewe, ndipo inakuja nyingine. Hiyo ndiyo dawa ninayokuandikia wewe. Umeumia mahali pale pale unapotakiwa kurudi, na mwili wako umejifunza kwamba kilio cha mtoto kinafuatiwa na maumivu. Mwili haufundishwi kwa kuambiwa "jikaze". Unafundishwa kwa kusikia kilio mara nyingi bila maumivu kufuata.

Kwa hiyo anza kwa kukaa tu kwenye chumba mwenzako anapotibu watoto, wewe huna kazi yoyote. Ukitetemeka, tetemeka, ila usitoke nje katikati ya woga. Subiri upungue kwanza, kwani ukikimbia unauthibitishia mwili kwamba ulikuwa na haki. Baadaye mshike mtoto mkono kama msaidizi. Kisha hesabu meno ya mtoto mkubwa mtulivu. Kupaka floridi, kuziba mifereji ya magego, halafu kujaza. Kung'oa jino la mtoto mwenye uvimbe ndiyo ya mwisho, na siku hiyo msaidizi asiitwe popote hata kama jengo linaungua.

Kama ndoto za tukio lile zinakurudia, kama unaliona upya mchana ukiwa macho, au unazunguka njia ili usipite kliniki, na hali hiyo imepita mwezi mmoja, onana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Woga wa namna hiyo una tiba inayofanya kazi, na ni jeraha la kazini sawasawa na lile la kidole. Liingie kwenye ripoti ile ile.

Kidole chenyewe nacho kina ngazi zake. "Unaweza kurudi kazini" ya daktari wa upasuaji mara nyingi ina maana kidonda kimepona. Haina maana kwamba kidole kisichokunja na chenye ncha ya ganziganzi kinaweza kuhisi, ndani ya glavu, kama kioo cha kutazamia meno kinateleza. Mwombe mtaalamu wa mazoezi tiba apime nguvu ya kubana na hisia za ncha ya kidole, aandike. Halafu jifanyie mtihani mwenyewe kwenye kichwa cha sanamu cha mafunzo: kushika kioo, kusukuma shavu, kubana taya wakati wa kung'oa. Utakachoshindwa pale usikijaribu kwa mtu. Anza na vipindi vifupi na wagonjwa wachache, uone kidole kinasemaje jioni. Kikivimba kila jioni, umeongeza mapema.

Sasa mwajiri. Usimwandikie ukiwa na hasira ya kofi. Wala usikatae mafunzo, kwa sababu ukikataa, mazungumzo yote yatageuka kuwa juu ya ukaidi wako, na ile siku ya benchi lililojaa na msaidizi aliyeitwa kwingine itasahaulika. Kubali kwa maandishi, kisha weka yako. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwenye kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Angalia kama nchi yako imeuridhia na sheria yenu ya usalama kazini inasemaje, chama chenu cha kitaaluma kitakusaidia. Wao wenyewe wameyaita mafunzo hayo sharti la kurudi baada ya ajali. Basi ni hatua ya usalama, na mlipaji anajulikana.

Uombe vilevile wasaidizi na wenzako waende, pamoja na huyo wa kamba na huyo wa kicheko. Tabia ya mtoto kwenye kiti inaanzia mapokezini, kwa aliyempokea na kwa muda aliokaa njaa akisubiri. Daktari mmoja akisomeshwa na wengine wakabaki walivyo, atarudi kwenye chumba kile kile. Omba pia yasiwe ya kukaa kutazama slaidi nusu siku. Yawe na kuigiza, na mwalimu akusimamie ukiwa na mtoto wa kweli. Na uandike, kwa lugha ya upole, kwamba unapendekeza mtoto mwenye jino la usaha asitibiwe bila msaidizi chumbani. Wakilikataa hilo kwa maandishi, tunza nakala.

Ulizia pia yule mtoto. Barua yako haisemi kama jino lake lilitoka. Shavu lililovimba halingoji, na yeye naye sasa ana sababu mpya ya kuogopa. Kama alihamishiwa kwingine, hakikisha waliompokea wanajua kwamba ganzi haikumshika mara ya kwanza.

Na mumeo mwambie Shangazi amesikia hoja yake, ila uamuzi huo usifanywe sasa. Anayeacha jambo katikati ya woga hajui kama ameliacha au limemfukuza. Pita kwanza ngazi zote, ufike kwenye ile ya mwisho. Ukiwa umefika na bado moyo unakwambia watoto basi, hamia kwa watu wazima bila kumwomba mtu radhi. Mafunzo hayatakuwa yamepotea. Utashangaa wangapi wana ndevu na mikono imeng'ang'ania kiti, wanangoja mtu awaambie kwamba wakiinua mkono utaacha.